Babu Alitaka Kuzikwa kwenye Machungwa

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yasiyopimika, mimi Ebo Arhin, Kiranja wa Usafi wa bweni la pili na msomaji mkuu wa matangazo ya asubuhi, nawatangazia ndugu, jamaa, marafiki na maadui wa karibu na mbali kwamba babu yangu, Mwalimu Kofi Essuman wa Abura, hakuwa na dini.

Cheo cha ukiranja nilishavuliwa. Kazi ya kusoma matangazo nilinyang'anywa siku hiyohiyo, baada ya kubandika kwenye geti la shule bango la msiba lenye picha ya mwalimu wa nidhamu na maandishi mekundu, "Ameitwa Utukufuni", wakati mwenyewe yuko ofisini anakula karanga. Kwaya ya kanisa lake ilifika ikiwa na sare kamili. Nikarudishwa nyumbani hadi muhula ujao, na ndiyo maana mambo haya yalinikuta Abura kwa Babu, ninapoishi na Mama, badala ya kunikuta shuleni Cape Coast nikichambua wadudu kwenye maharage.

Lakini kuhusu Babu sikutania. Alifundisha biolojia mpaka akafundisha wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza, na tangu ujana wake hakuwahi kuingia kanisani isipokuwa kwenye harusi na misiba ya watu. Jumapili alikaa nyuma ya nyumba, kwenye shamba lake la machungwa, akisoma gazeti. Mchungaji akipita humsalimia juu ya ua.

"Mwalimu, leo je?"

"Leo nina miadi na siafu, Mchungaji. Wiki ijayo."

Walikuwa marafiki. Wiki ijayo haikufika kamwe.

Katika mji wetu wote Babu alikuwa na mwenzake mmoja tu wa imani hiyo ya kutoamini, Bi Efua Sackey, nesi mstaafu. Bi Efua alitaka achomwe, majivu yake yatupwe popote, na alilisema hilo mbele ya kila mtu, hata kwa muuza mkate. Alipofariki, ndugu zake walimweka kwenye jeneza jeupe lenye dirisha la kioo, wakaleta wachungaji watatu. Babu alirudi kutoka mazishi yale akakaa kwenye ngazi na viatu vyake, hakuvivua mpaka jua likazama.

"Wamemwimbia nyimbo zote alizokuwa akizikimbia," aliniambia. "Ebo, mtu akifa anakuwa mtoto mchanga. Wanamvisha wanachotaka."

"Na wewe unataka nini, Babu? Uchomwe?"

"Nilifikiria. Lakini nimepanda miti maisha yangu yote, siwezi kuondoka na shehena ya kuni." Akaonyesha kwa kidole kule shambani. "Pale, katikati ya ile michungwa miwili ya zamani. Shuka moja la pamba. Jeneza sitaki, saruji sitaki, sala sitaki. Na mochwari nisipelekwe, wanipeleke shambani siku hiyohiyo. Zile dawa wanazodunga maiti zinaua minyoo. Nimewafundisha watoto faida za minyoo miaka yote hiyo, halafu nikifa niwape sumu? Nataka nioze kwa utaratibu."

Mama alikuwa jikoni akimenya mihogo. Akatoa kichwa mlangoni. "Baba, watu watasema tumekuzika kama mbuzi."

"Mbuzi hazikwi, mwanangu. Mbuzi analiwa. Mngekuwa mnanila ndiyo ningelalamika."

Mama akacheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye maji ya mihogo. "Kwangu mimi hata ukitaka kupandwa kwenye ndoo nitakupanda. Lakini unajua si mimi."

Kweli hakuwa yeye. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mama yangu ni wa ukoo wa marehemu bibi yangu, na mimi vilevile, kwa hiyo Babu tuliishi naye, tukala naye, tukagombana naye, lakini maiti yake ingekuwa mali ya dada yake na binamu zake wa upande wa mama. Kazi ya watoto wa marehemu ni kununua jeneza. Pa kulilaza hawaulizwi.

Njia ilikuwa moja. Mtu akiwa hai anaweza kuwaita wakubwa wa ukoo wake, akasema anachotaka, kisha akatoa kinywaji. Wakinywa, neno limefungwa, na atakayelivunja atajibu kwa ukoo mzima. Wasipokunywa, yalikuwa mazungumzo tu.

"Siamini mizimu," Babu alisema akitafuta miwani yake, "lakini naamini mkuu wetu wa ukoo, Bentsil, akishakunywa. Ebo, nenda kwa dada yangu."

Dada yake ni Bibi Araba, mwenye duka la vinywaji karibu na kituo cha magari. Alinipa chupa ya kijani ya mraba, ile pombe kali inayotumika kwa mambo ya ukoo, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake.

"Mwambie kaka yangu hii ni ya kweli, siyo ya magendo. Na wewe usiiangalie hivyo, jicho lako halijatulia."

Jicho langu kwa hakika halikuwa limetulia. Mzee Bentsil, mkuu wa ukoo wa Babu, alikuwa amenisema mbele ya kanisa zima habari ya lile bango, tena kwa jina na kwa darasa. Na Mzee Bentsil ana tabia yake. Akipewa pombe ya ukoo humwagia wahenga matone mawili chini, kisha hufumba macho na kuinywa iliyobaki kama mtu anayesikiliza muziki. Nilitaka kumwona akifumba macho kwa maji ya bomba. Nilikuwa na uhakika angeona aibu kukiri, angelamba midomo na kumsifu Babu kwa kuchagua kinywaji bora, nami ningekuwa na hadithi ya kulisha bweni la pili mwaka mzima.

Jinsi ya kufungua kifuniko na kukirudisha bila alama sitaeleza. Wapo wadogo zangu kule Cape Coast wanaishi kwa ujuzi huo.

Wazee walifika jioni, Mzee Bentsil na wawili wa kumsindikiza. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la korido, kwa kuwa vijana hawakai kwenye mambo kama hayo. Babu alisema yote aliyoniambia, shuka, michungwa miwili, minyoo. Alisema polepole, kama anafundisha. Nje kuku walikuwa wakigombania kiota.

"Kofi," Mzee Bentsil alisema mwishowe, "umekaa shule muda mrefu mno."

"Huenda."

"Na nani atakutembelea huko? Machungwa?"

"Machungwa yana tabia nzuri kuliko wewe. Hayahubiri."

Wale wawili walicheka. Mzee Bentsil hakucheka. "Mama yetu mdogo yuko makaburini kanisani. Kaka zetu wako kule. Nimekuwekea nafasi karibu yangu, Kofi, tangu tulipokuwa vijana. Nilidhani tutalala tukibishana."

Sikuwa nimetarajia kusikia sauti yake ikiwa hivyo.

"Najua, Bentsil. Lakini mimi nakuomba hili. Sijawahi kukuomba kitu."

Walibishana tena, wakarudi nyuma hadi mambo ya utotoni, nani aliiba embe la nani. Kisha Mzee Bentsil akapiga magoti yake kwa viganja. "Haya. Ni jambo la ajabu, na watu watanicheka, lakini kinywa ni chako. Tumesikia. Leta kinywaji."

Babu akafungua chupa. Mzee Bentsil akamwaga matone mawili, akafumba macho, akanywa.

Nilikuwa nimeuma pazia nisicheke. Macho yake yakafumbuka. Akampa glasi jirani yake. Jirani akaonja, akampa wa tatu. Wa tatu akaiweka mezani.

"Essuman," Mzee Bentsil alisema. Alimwita Essuman, si Kofi. "Umetuita tuje kunywa maji?"

"Maji gani?"

"Humwamini Mungu, sawa. Huwaamini wahenga, sawa. Kumbe na sisi tulio hai hutuamini? Unatuvuta mpaka tunalia hapa, kisha unatupa maji ili ukatucheke na siafu wako?"

"Bentsil, ngoja. Bentsil!"

Hawakungoja. Babu, ambaye vidonda vya tumbo vilimzuia pombe tangu kabla sijazaliwa, aliinusa glasi, akalamba tone kwa ncha ya ulimi. Mimi na Mama tuliingia sebuleni kwa pamoja.

"Kwa utaalamu wangu wa sayansi," alisema, "haya ni maji." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wamemuuzia Araba chupa za uongo, maskini. Basi. Jumamosi nitawaita tena, na chupa nitainunua mbele ya macho yao."

Hapo ndipo nilipopata nafuu. Kama Jumamosi ingerekebisha kila kitu, kulikuwa na haja gani ya kusema? Nilijiambia ningemweleza baadaye, wakati sote tunaweza kucheka. Nikaenda kulala.

Kabla ya Jumamosi Babu alianguka shambani, kisu cha kupogolea kikiwa bado mkononi. Tulipomfikisha hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umekufa. Walimrudisha nyumbani akiwa amebaki na jicho moja linalofuata watu, na mkono wa kushoto.

Mzee Bentsil alikuja siku ya kwanza kabisa, pamoja na wale wazee wawili. Alikaa kitandani, akaushika ule mkono wa kushoto, akalia bila kujificha.

"Kofi, ulitutania, lakini tumekusamehe. Usiogope. Hatutakutupa porini. Tutakuzika kama mtu, jeneza zuri, bendi ya tarumbeta, Mchungaji mwenyewe. Utalala karibu yangu."

Babu akautoa mkono. Akapiga godoro. Akapiga tena, tena, jicho limemtoka.

"Anashukuru," alisema Mzee Bentsil.

"Hashukuru!" Mama alisema. "Anakataa! Mzee, mtazame, anakataa!"

"Wewe unajua lugha ya godoro?"

"Namjua baba yangu. Alitaka kwenye machungwa, aliwaambia kwa kinywa chake."

"Alituambia, akalifunga kwa maji. Binti yangu, wewe ni mtoto wake. Jeneza utanunua, machozi utalia. Mwili ni wetu."

"Hakutania," nilisema. Sauti ilinitoka nyembamba. "Babu hakutania. Mimi najua."

Wazee wakanigeukia.

"Nani huyo anatuambia nani anatania?" akauliza Mzee Bentsil. "Mwenye mabango?"

Wakacheka. Mama naye aliponyokwa na kicheko kidogo, kisha akaziba mdomo. Sentensi niliyobakiza haikuwa ndefu. Niliitazama miguu yangu, nikatoka nje.

Baada ya hapo nilimlisha Babu uji kila asubuhi. Kila asubuhi nilifunga mlango, nikavuta kiti, nikasema, "Babu, kuna jambo." Jicho lile likanigeukia. Nikamwambia habari za mpira. Nikamwambia mchungwa wa kona umeanza kutoa maua. Siku nyingine alipiga godoro taratibu, mara moja, akatazama dirishani kwenye shamba, kisha akanitazama mimi, na nilielewa ananiomba nimsemee, maana mimi ndiye niliyekuwa nikicheka pamoja naye. Nilimfuta mdomo. Nikasema, "Ndiyo, Babu." Ndiyo ya nini, sijui.

Alifariki akiwa usingizini. Kabla Mama hajamaliza kumfunika, gari la mochwari lilikuwa mlangoni. Mama alikimbia nyuma yake pekupeku hadi barabarani, akipaza sauti, "Msimdunge! Jamani, msimdunge dawa!" Majirani walimrudisha kwa kumshika mabega, wakisema huzuni imempanda kichwani.

Kisha mabango yakatoka. Yalibandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye duka la Bibi Araba, kwenye ua wetu wenyewe. Picha ya Babu, maandishi mekundu, "Ameitwa Utukufuni". Nilisimama mbele ya moja muda mrefu. Watu waliokuwa wakipita walinitazama, nadhani walifikiri nalipenda.

Mambo ya msiba kwetu hayana haraka. Babu alikaa kwenye barafu wiki nyingi, ukoo ukijiandaa. Mama alinunua jeneza, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alichagua la mbao laini lisilopakwa rangi, akitumaini litaoza mapema. Mzee Bentsil akaagiza lipakwe vanishi.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiteseka. Tangu siku ile ya glasi, mji mzima ulijua kuwa chupa iliyotoka kwa Bibi Araba ilikuwa ya maji. Watoto walimwita Bibi Bomba. Wateja walifungua chupa kaunta na kunusa kabla ya kuondoka. Na kwa kuwa hakuamini kwamba muuzaji wake wa jumla angemdanganya, alibaki na jibu moja, kwamba kaka yake ndiye aliyefanya kejeli ile, na kuiharibu biashara ya dada yake ili awacheke wazee. Alimlilia Babu kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini hakuwahi kuingia chumbani alimolala wakati wa ugonjwa. Hilo pia ni langu.

Siku ya mazishi Babu alilazwa uani kwenye kitanda cha shaba chenye mapazia ya lesi. Walimvisha suti, na kwa kuwa hakuwa nayo, ilikuwa ya Mzee Bentsil. Walimvisha glavu nyeupe. Mkononi, ule wa kushoto uliokuwa ukipiga godoro, waliweka Biblia, na kwa kuwa vidole havikukubali kufunga waliifunga kwa utepe.

Mchungaji alimtazama, akanong'ona kwa Mama, "Nitasoma kifupi. Nadhani angependa kifupi." Mama akaitikia kwa kichwa. Hakukuwa na kingine cha kuitikia. Makaburini shimo lilishajengwa kwa saruji na kupigwa vigae vyeupe ndani kama bafu.

Watu wa nguo za msiba, nyekundu na nyeusi, walijaa. Bendi ilikuwa ikipasha tarumbeta. Walimhamishia Babu kwenye jeneza, na mafundi wakawa wameshika kifuniko, ndipo Bibi Araba alipotokea kutoka ndani ya nyumba, kitenge kimefungwa nusu, macho yametoka, mkononi ameshika chupa yangu ya shule, ile ya plastiki ya buluu yenye jina langu na namba ya bweni kwa wino usiofutika.

"Simamisheni!" alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. "Ebo! Ebo Arhin! Njoo hapa."

Nikaenda.

"Nimeingia chumbani kwako nipumzike. Koo limenikauka. Nimeona chupa chini ya kitanda, nikasema mtoto wa shule, ni maji. Nimekunywa." Akanisogezea chupa puani. "Hii ni nini?"

Sikuweza kuimwaga ile pombe, mnielewe. Kila nilipoishika niliona kama nikiimwaga basi nimefanya kweli. "Ni dawa ya mbu, Bibi," nilisema.

Kuna mtu alicheka. Bibi Araba hakucheka. "Nimeuza kinywaji hiki tangu mama yako yuko tumboni. Nakijua kama mate yangu. Chupa ya kaka yangu nilikupa wewe, mkononi, na wewe peke yako. Niliifuta vumbi. Usinitanie leo, mjukuu wangu. Yuko pale amelala. Usinitanie mbele yake."

Nilimtazama Babu. Sikuogopa kwamba angeamka, wala kwamba alikuwa akinisikia. Mimi ni mjukuu wake, hayo alinifundisha. Nilichoogopa ni kwamba hanisikii, na kwamba niliyopaswa kumwambia nilikuwa nikiyasema sasa mbele ya watu wote isipokuwa yeye.

"Ni mimi," nilisema. "Pombe niliitoa, nikatia maji. Nilitaka kumcheka Mzee Bentsil. Babu hakujua. Bibi hakuuza maji. Hakuna aliyetania isipokuwa mimi."

Tarumbeta zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mzee Bentsil alisimama akiegemea fimbo, akamtazama binamu yake ndani ya jeneza, ile suti yake, zile glavu. Nilikuwa tayari kupigwa. Nilitamani kupigwa.

"Kaburi limeshajengwa," alisema, si kwangu. "Watu wametoka mbali." Kisha, kwa sauti ambayo niliisikia mimi na mafundi tu, "Kofi, nisamehe. Funikeni."

Wakafunika. Bibi Araba alikaa chini pale aliposimama, chupa yangu mapajani. Vijana wakabeba jeneza, bendi ikaanza wimbo wa kanisa, uani vumbi likatimka. Mama hakufuata. Alinishika mkono, si kwa nguvu, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Siku ile, nyuma ya pazia, uliwasikia. Kabla ya glasi. Walisemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema walikuwa wamekataa tayari, na angepata usingizi.

"Walikubali, Mama," nilisema. "Mzee Bentsil alisema haya, kinywa ni chako, leta kinywaji. Walikuwa wameshakubali. Kilibaki kinywaji tu, na mimi nikawapa maji."